Track 01 ni ya nani? CD za baba na majina ya muziki wa dansi

SEHEMU YA 1

Mama zangu, na kina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu. Najua mlitegemea leo tuendelee na lishe ya mtoto wa miezi sita. Tutarudi, uji haukimbii. Wiki hii naomba niwatoe kliniki kidogo niwapeleke Tandika, nyumbani kwa baba yangu, kwenye boksi la viatu lenye CD 43.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamkimbia. Mliowahi kuuguza mnaijua hali hii: mtu anakuelewa kila kitu, anakutazama machoni, anataka kusema "maji", inatoka "ile... ile...". Akili ipo, jina la kitu ndo halipatikani. Sasa jioni moja jirani akafungulia wimbo wa Msondo kwenye sabufa, na baba akaimba. Kiitikio chote, maneno yamenyooka kama hajawahi kuumwa. Mdogo wangu alilia. Mimi nilikuwa nimeshaona wodini: wapo wagonjwa wa kiharusi wanaoshindwa kuongea lakini wimbo wanaoujua tangu ujana unatoka na maneno yake. Msije mkasema nesi kasema muziki unatibu kiharusi. Mazoezi ya kuongea na mtaalamu yako palepale, na dawa za presha ziko palepale. Ila nikaamua nimuwekee CD zake kwenye laptopu, nizipange, awe anasikiliza na kuimba kila jioni.

Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Imechukua miezi mitatu, na bado.

Naweka CD ya kwanza, kompyuta inanakili, inaniletea: Track 01, Track 02, Track 03, mpaka Track 14. CD ya pili, hivohivo. Nikifika ya tano nina Track 01 tano na sijui ipi ni ipi. Wodini mtoto akizaliwa hana jina bado, lakini tunamfunga utepe mkononi: Mtoto wa fulani. Hapa hata mama hajulikani! Na mwenye kujua amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, na maneno hayapati.

SEHEMU YA 2

Nilianza kwa kuilaumu kompyuta. Kumbe kompyuta haina kosa.

CD ilitoka Japani mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips pamoja. Waliowaza ile diski waliwaza sauti: kila sekunde sauti inapimwa mara 44,100, na mwanzoni mwa diski kuna orodha inayosema wimbo wa kwanza unaanzia hapa, wa pili unaanzia pale. Basi. Jina la wimbo halimo, jina la mwimbaji halimo. Majina yalikuwa ya kusomwa na binadamu kwenye karatasi ya kava. Baadaye iliongezwa njia ya kuandika majina ndani ya diski, lakini diski nyingi hazina.

Sasa utauliza, mbona CD nyingine ukiweka kwenye kompyuta yenye intaneti majina yanakuja yenyewe? Hayatoki kwenye diski. Mwaka 1993 Ti Kan alitengeneza programu ya kupiga CD kwenye kompyuta pamoja na hazina ya majina iliyoitwa CDDB. Kompyuta inaangalia nyimbo zinaanzia wapi na diski ina urefu gani, inapata namba, inauliza hazina: nani ana namba hii? Majina waliyaandika watu wa kawaida, mmojammoja, kila mtu na CD zake nyumbani. Baadaye hazina ile ikawa ya kibiashara chini ya jina Gracenote. Waliojitolea kuandika wengi waliudhika, na nawaelewa. Ndipo zikaanzishwa hazina huru kama MusicBrainz, ambako mpaka leo mtu yeyote anaweza kuongeza CD yake.

Kwa baba, diski moja tu ilijitambulisha. Ni Zanzibara namba 3, ya nyimbo za Tanzania za miaka ya 60, iliyotolewa Ufaransa na Buda Musique, aliletewa na rafiki yake aliyekwenda Ulaya. Nyingine zilichomwa kibandani Kariakoo, hakuna mtu duniani aliyewahi kuziandikisha. Mbili zilinishangaza zaidi: kompyuta ilizipa majina ya nyimbo za Kijerumani, kwa sababu urefu wa nyimbo ulikaribiana na wa diski ya watu wengine. Nilicheka peke yangu. Msondo wa Temeke kageuzwa Mjerumani.

Na hata ukiandika mwenyewe, vifaa havikutengenezwa vikitufikiria sisi. Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu wa kuandika jina ndani ya faili la MP3, unaitwa ID3. Ule wa kwanza ulitoa herufi 30 kwa jina la msanii. Hesabu nami: "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band". Herufi 30 zinaishia kwenye Morogoro, bendi imekatwa. Halafu kulikuwa na orodha ya aina 80 za muziki za kuchagua. Polka imo. Dansi letu halimo, taarabu haimo. Kuna kikapu kimoja kimeandikwa "Ethnic" na kingine "Other", jitupe unapotaka. Matoleo ya baadaye yamerekebisha, unaandika neno lako. Mimi nimeandika Dansi.

Na wewe mama mwenye picha 6,000 za mtoto kwenye simu, zote zinaanza na IMG na namba, usinicheke.

SEHEMU YA 3

Hapa ndo penyewe. Kwa nini CD za baba hazikuwa na majina hata kwenye karatasi? Nimeuliza wazee wa mtaani, nimeunganisha na yale yanayojulikana, jibu likanirudisha nyuma sana.

Santuri za zamani zilikuwa na jina. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zilirudi kwenye santuri za His Master's Voice zenye karatasi ya duara katikati, imeandikwa nani kaimba nini. Huwezi kuitenganisha na santuri yake. Lakini Tanzania Bara hatukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zetu zilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Mpango wa Tanzania Film Company wa kuwa na kiwanda chetu haukukamilika. Na miaka hiyohiyo ndiyo dansi la Dar lilikuwa limekolea! Mlimani Park ilianza 1978. Maquis wapo, Vijana Jazz wapo na ukumbi wao wa Vijana pale Kinondoni, Marijani Rajab yupo.

Kilichokuwepo ni redio. Ilianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, leo ni TBC. Bendi zilikwenda studio za RTD, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, zikarekodiwa kwenye kanda kubwa za rili. Lakini redio ilirekodi ili ipige hewani, haikurekodi ili iuze. Kwa hiyo wimbo haukuwa na kava wala karatasi ya dukani. Jina lilikaa kwenye boksi la kanda, maktaba ya redio, na sisi huku nje lilitufikia kwa mdomo wa mtangazaji tu.

Baba alikuwa na redio-kaseti. Ikifika saa ya nyimbo, watoto tunyamaze, yeye kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Mtangazaji anataja wimbo, anataja bendi, wimbo unaanza. Kaseti zake zilikuwa hivyo zote: sauti ya mtangazaji, wimbo, sauti ya mtangazaji. Hakuandika majina kwenye karatasi ya kaseti, angeandika ya nini? Yametajwa humohumo ndani.

Mwaka 2005 kaseti zikaanza kuvuta, na kila mtu anahamia CD. Baba akabeba mfuko wake akaenda kwenye kibanda kimoja Kariakoo, kijana akamhamishia zote. Kijana yule alikuwa na bidii, nimkumbuke kwa haki. Alisikiliza kila kaseti, na ili CD itoke safi akakata "maneno ya redio" yote. Kila mahali mtangazaji alipoongea, akafuta. Baba alifurahi sana, muziki mtupu bila kelele, na kaseti akazigawa.

Nilipoelewa hilo nilikaa chini. Mtangazaji ndiye aliyekuwa lebo.

Msidhani ni baba peke yake. Mwaka 2012 kuna watu walianzisha Tanzania Heritage Project wakichangisha fedha ili kanda za RTD zihamishiwe kwenye kompyuta. Makadirio waliyotoa ni saa 100,000 za sauti. Kanda inaoza, mashine za kuisoma ni chache, hilo wote wanaliona. Lakini kuhamisha sauti ni nusu ya kazi. Boksi likiwa limechanganywa na kanda nyingine, unapata Track 01 ya taifa.

SEHEMU YA 4 (ya mwisho)

Sasa tulivyofanya. Kila CD nimeipa namba kwa kalamu laini ya wino, kwenye duara la plastiki la katikati. Msiandike kwa kalamu ya risasi wala kubandika stika: upande wa juu wa CD, wenye maandishi, ndio dhaifu, tabaka linalobeba kumbukumbu liko chini ya rangi hiyohiyo. Watu tunasugua upande wa chini na dawa ya meno halafu ule wa juu tunaukwaruza na funguo. CD 6 zilikataa kabisa kusoma. Joto la Dar na bati bila dari.

Zile 37 zilitoa nyimbo 506. Kila faili nimelipa kwanza namba ya CD na namba ya wimbo: CD08-03. Weka sifuri mbele, maana bila hiyo kompyuta inapanga 1, 10, 11, kisha 2. Namba hii haibadiliki hata jina likibadilika, kama namba ya faili la mgonjwa pale masijala. Mama anaweza kuolewa akabadili jina, faili lake ni lilelile.

Halafu ikaja shughuli ya bendi. Folda ya kwanza niliita Msondo Ngoma. Mzee mmoja jirani akaniambia, mwanangu, wimbo huu ni wa NUTA Jazz. Mwingine akasema JUWATA. Mwingine OTTU. Wote wako sahihi! Ni bendi moja, ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, chama kikibadili jina na bendi inabadili. Nimeweka folda moja, ndani yake folda nne. Na Mbaraka Mwinshehe yuko sehemu mbili, Morogoro Jazz na Super Volcano aliyoianzisha baadaye, kabla hajafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979.

Sauti ya mwimbaji nayo haisaidii peke yake. Nilisikia sauti ya Muhidin Gurumo nikaweka Msondo bila wasiwasi. Baba akatikisa kichwa. Nikapiga tena. Akatikisa kwa hasira, mkono wa kushoto unaonyesha pale kwingine. Ni kweli, Gurumo alitoka NUTA akaenda Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Wimbo ulikuwa wa Sikinde. Baba ni Msondo damu, Jumapili zake zilikuwa TCC Chang'ombe, na hakukubali wasifiwe kwa kazi ya watani wao.

Tukawa tunafanya hivyo kila jioni. Napiga wimbo, baba anaimba. Kiitikio kikitoka tunapata jina, kisha nataja bendi mojamoja naye anakubali au anakataa.

Kuna faili lilinifundisha kitu kuhusu baba mwenyewe. CD13-05 ni "Mambo kwa Soksi" ya Remmy Ongala, yule wa Super Matimila ambaye Sinza kuna mahali panaitwa kwa Remmy mpaka leo. Wimbo unahusu kondomu, wakati UKIMWI unatumaliza, na redio ya taifa haikukubali kuupiga. Kama redio haikuupiga, baba hakuurekodi redioni. Maana yake alitoka nyumbani akautafuta, akaununua. Baba yangu huyu, ambaye nilipoanza unesi alinikataza kutaja neno kondomu mezani! Nilimtazama, akatazama ukutani.

Mpaka jana nyimbo 391 zina jina na bendi. 115 bado. Kati ya hizo kuna CD19-07, rumba ya taratibu, gitaa linaanza peke yake, na mwanzo umekatwa palepale mtangazaji alipokuwa. Wazee wanne wameusikiliza, kila mmoja kataja bendi yake. Baba anauimba wote, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, macho kafumba. Nikimuuliza ni wa nani anafungua mdomo, anasema "ile... ile...", anapiga paja kwa kukosa.

Nimeuandika hivi: CD19-07 - Haijulikani - baba anaujua. Kesho saa moja jioni nitaweka sekunde 40 hapa kwenye ukurasa. Mwenye mzee nyumbani, awe Mbagala, Mwananyamala, popote, naomba amsikilizishe, na anijibu hata usiku.