Wavulana, Tokeni Nje

Nilikuwa darasa la saba katika shule moja ya umma huku Eastlands wakati madam aliingia na mgeni aliyebeba boksi. "Wavulana, tokeni nje mkacheze." Sisi tuliona ni zawadi. Tulipiga mpira hadi kengele ikalia. Tuliporudi, wasichana walikuwa wameficha vitu kwa mabegi na hakuna aliyetuambia kilichosemwa.

Muhula uliofuata, msichana aliyeketi mbele yangu alisimama kujibu swali la hesabu. Sketi yake ilikuwa na doa. Mimi ndiye nilicheka kwanza, darasa zima likafuata. Mwalimu wetu, mwanaume, aligeuka akaendelea kuandika ubaoni. Msichana alifunga sweta kiunoni akatoka. Wiki mbili hatukumwona.

Leo mimi ni mwalimu, na hiyo "tokeni nje" haijawahi kunitoka kichwani. Ilianzia wapi?

Si kweli kwamba Waafrika hawakuwa wanazungumza haya mambo. Pwani, msichana akivunja ungo (ndiyo, Kiswahili kina msemo wake) alikuwa na somo, mwanamke asiye mamake, aliyemfunza jinsi ya kujitunza. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya simulizi za akina mama watatu wa Mombasa katika kitabu *Three Swahili Women* cha 1989, na humo unakutana na dunia hiyo ya mafunzo na ngoma za wanawake. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki 2013, wengi wanamjua kwa taarab, lakini pia alikuwa mwalimu wa unyago.

Tusipake sukari. Mafunzo yale yalikuwa siri ya wanawake, na sehemu kubwa ilimwandaa msichana kumridhisha mume. Lakini kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujibu maswali.

Kule Kati, mwaka wa 1929, wamishonari waliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji, na mgogoro ukagawanya makanisa na shule. Kisu kilistahili kupigwa vita. Ila jando za bara nazo zilikuwa na mafunzo ndani yake, na ninavyoona mimi, shule ilichukua watoto bila kuchukua ile kazi ya kuwaeleza miili yao. Ikabaki kwa mama aliye na haya, shangazi aliye mbali, ama rafiki ambaye pia hajui.

Serikali ilipoingia, ilianza na bei. Mwaka wa 2004 Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo, miaka mingi kabla ya nchi nyingi tajiri. Juni 2017 rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi: kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha, zenye ubora, na pawe na njia salama ya kuzitupa. Soma kifungu hicho chote, hakimtaji mwalimu.

Septemba 2019, msichana wa miaka 14 katika kaunti ya Bomet alijiua. Mamake alisema mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani baada ya nguo yake kuchafuka. Wazazi waliandamana, polisi wakawarushia vitoa machozi. Sheria ya sodo ilikuwa na miaka miwili tayari.

Mwaka uliofuata Wizara ya Afya ilizindua sera ya usafi wa hedhi ya 2019 hadi 2030, na kuvunja kimya ni mojawapo ya mambo inayosisitiza. Lakini Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitolewa katika ukumbi wa Seneti akiwa na doa kwenye suruali. Kama seneta anaambiwa atoke, mtoto wa darasa la sita je?

Nilihudhuria mafunzo ya walimu ya siku mbili. Zoezi la kwanza lilikuwa kutamka "hedhi" kwa sauti. Watu wazima, wenye digrii, tulishindwa. Mmoja alisema "ile kitu ya wasichana." Kisha tukapewa mkufu wa shanga 28, tano nyekundu, na kuelezwa kwamba huo ni mfano tu: kwa wasichana wadogo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni kawaida. Mchana mkufunzi akauliza: mwanafunzi amesimama, sketi ina doa, utafanya nini?

Majibu yalikuwa rahisi ajabu. Mwambie aketi, endelea na somo, mpe sweta bila kutangaza. Weka sodo na sketi ya ziada mahali asipohitaji kuomba ruhusa mbele ya watu. Na anayecheka, shughulika naye. Nilikaa kimya. Yule anayecheka nilikuwa namjua vizuri.

Sijawahi kumpata yule msichana nimwombe msamaha.

Muhula huu nilifundisha somo hilo na wavulana wakiwa ndani. Walicheka dakika kumi za kwanza, nikangoja. Kisha mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huwa inauma?"

Nilitaka kujibu. Msichana mmoja dirishani akanitangulia: "Mimi huniuma siku ya kwanza."

Hakuna aliyecheka.