Rezista ya Kuvuta Juu katika Historia ya I2C

Mwaka 1982 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilibuni I2C, yaani njia ya mawasiliano ya mfululizo ambamo chipu kadhaa za kifaa kimoja, kama vile televisheni, hupashana data biti moja baada ya nyingine kwa nyaya mbili tu, mmoja wa data na mwingine wa mapigo ya saa. Ili chipu zote zitumie waya uleule bila kuharibiana, hakuna iliyoruhusiwa kuusukuma waya kwenye volti ya juu; kila moja ilipewa transista ya kuushusha tu, na kazi ya kuupandisha ikaachiwa rezista ya kuvuta juu, iliyofungwa kati ya waya na chanzo cha umeme.

Thamani ya rezista hiyo ilibanwa pande mbili. Ukinzani ukiwa mdogo mno, mkondo huizidi nguvu transista. Kwa kuwa kanuni ziliitaka imudu miliampea 3 huku volti ya waya isizidi 0.4, saketi ya volti 5 haikukubali rezista ya chini ya omu 1,533 hivi. Ukinzani ukizidi, waya huchelewa kupanda, kwa sababu waya wenyewe na miguu ya chipu vina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ambayo sharti ijazwe kupitia rezista. Kapasitansi ya njia nzima iliwekewa ukomo wa pikofaradi 400, na katika kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde volti iliruhusiwa kutumia nanosekunde 1,000 kupanda, ambazo kwa kipimo cha leo huhesabiwa kutoka asilimia 30 hadi 70 ya volti ya chanzo. Mazoea ya mafundi ya kuweka kilo-omu 4.7 bila kupiga hesabu yalitulia vizuri katika nafasi hiyo, kwani rezista hiyo hustahimili hadi pikofaradi 250 hivi, na mbao nyingi ndogo za saketi hazifiki huko.

Mwaka 1992 kasi ilipandishwa hadi kilobiti 400, na muda wa kupanda ukapunguzwa kuwa nanosekunde 300, ambao kwa kilo-omu 4.7 unatosha pikofaradi 75 tu. Kubwa zaidi, njia yenye pikofaradi 400 ilihitaji sasa rezista isiyozidi omu 885, ilhali transista ya saketi ya volti 5 haikuweza kuvumilia iliyo chini ya 1,533. Kwa maneno mengine, hapakuwa na rezista yoyote iliyofaa. Waandishi wa kanuni walilitambua hilo, wakaishia kuiruhusu rezista ya kawaida hadi pikofaradi 200, na zaidi ya hapo wakataka chanzo cha mkondo au rezista inayowashwa na kuzimwa.

Ufumbuzi wa mwaka 2007 haukuigusa rezista bali transista. NXP, iliyorithi kitengo cha chipu cha Philips, ilitoa kasi ya megabiti 1 yenye transista za miliampea 20, na omu zilizokuwa mwiko zikawa halali. Kilo-omu 4.7 haikuondoka hata hivyo: moduli nyingi za vihisi huuzwa zikiwa nayo tayari, na moduli tano zikiunganishwa kwenye njia moja ya volti 5, ukinzani wa jumla hushuka hadi omu 940, chini ya kile kikomo cha transista za miliampea 3.