Uvimbe wa Jedwali
Idadi ya watoto waliochanjwa Heru Juu, kama ilivyo kwingine Kasulu na Kibondo, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za vituo vya afya, kisha huingizwa katika DHIS2, mfumo ambao data zake hukaa ndani ya kanzidata ya PostgreSQL. Mhudumu akikosea tarakimu kitabuni, huikata kwa mstari na kuandika iliyo sahihi kando. Iliyokatwa bado imekalia karatasi.

PostgreSQL nayo hufanya hivyohivyo. Ukisahihisha tarakimu, safu ya zamani, yaani mstari wa jedwali wenye tarakimu hiyo, haifutwi papo hapo. Huandikwa mpya, ili anayesoma ripoti wakati huo asivurugiwe. Ya zamani ikishakosa msomaji, huwa safu mfu. Kurasa za baiti 8,192 hujaa safu za namna hiyo, faharasa nayo hubeba vielekezi vya safu hizo, jedwali likakua ilhali data ni ileile. Huo ndio uvimbe. Wapo wanaopendelea “unene”, nami siafiki: jedwali lenye data nyingi ni nene kwa haki yake.

Kwenye tiba ndiko tunakochanganya, kwa kuwa “kusafisha” tunakutumia kwa kazi mbili. Amri ya VACUUM hukomboa nafasi: huondoa safu mfu na kuacha mahali pake pajazwe na safu zijazo. Faili kwenye diski kwa kawaida halipungui, ila pale kurasa za mwishoni zinapobaki tupu. VACUUM FULL hurejesha nafasi kwa diski: huandika jedwali upya, kisha faili la zamani hufutwa. Muda wote huo jedwali limefungwa, hakuna asomaye wala aandikaye, na nakala mpya inahitaji pa kukaa kando ya ile ya zamani. Msimamizi aliyengoja diski ijae hana pa kuiweka. Kwa hiyo nasisitiza maneno mawili, kukomboa na kurejesha. Anayeyachanganya atafunga mfumo mchana wa kazi bila sababu.

Faharasa zina nafuu: tangu toleo la 12, la mwaka 2019, REINDEX CONCURRENTLY huzijenga upya huku uandishi ukiendelea.

Ukombozi pia hujiendesha wenyewe, lakini kwa mpangilio wa awali husubiri safu mfu zizidi 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Katika safu milioni 10, hizo ni zaidi ya milioni 2. Kwa majedwali makubwa yanayosahihishwa kila mara, asilimia hiyo ishushwe, jedwali kwa jedwali, kabla uvimbe haujaanza.