Gobori na Wino wa Brussels

Mtu apitaye vijiji vya bara, tangu Uzaramo hata Unyamwezi, akakaribishwa katika nyumba ya mkulima mzee aliyepata kuwa mwindaji, si ajabu akaliona limeegemezwa nyuma ya mlango, au limelazwa juu ya boriti karibu na moshi ili lisiliwe na kutu: gobori refu, kitako chake kimefungwa kwa waya, mtutu wake umepauka kwa kusuguliwa miaka na miaka. Naye mgeni akiuliza kwa nini, katika zama hizi ambapo silaha za dunia zimefika zilikofika, mwenyeji wake bado anashindilia baruti kwa mdeki kupitia mdomoni kama walivyofanya babu zake, ataambiwa kwamba ni ufukara, au kwamba ndiyo desturi. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Gobori halikubaki mikononi mwa watu wetu kwa desturi peke yake. Lilibakishwa kwa makusudi, kwa hati iliyotiwa sahihi mjini Brussels tarehe 2 Julai 1890, na habari za hati ile, na namna wenye bunduki walivyoipokea kila mmoja kwa hali yake, ndizo nitakazo kuzisimulia.

Watu wa pwani waliijua bunduki zamani, na lugha yao ni shahidi wa kutosha. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moshi, ambayo mvua ikinyesha humwacha mwenyewe ameshika fimbo. Ikaja ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Ikafuata ya fataki. Na mwisho ikaja ya viasi, itiwayo risasi kwa nyuma, ambayo mtu aweza kuipiga mara nyingi kabla mwenye gumegume hajamaliza kupima baruti yake. Ayapangaye majina hayo kwa taratibu yake amekwisha kusoma karne kadhaa za tarehe bila ya kufungua kitabu. Neno bunduki lenyewe lilitujia kutoka kwa Waarabu, na wako wanaolinasibisha na mji wa Venice, ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya. Kama ni kweli au ni hikaya ya wapendao asili za maneno, siwezi kuapa.

Bunduki ilikuwa chombo cha vita na cha kuwindia, lakini ilikuwa pia heshima. Msafara wa Wanyamwezi uliporudi kutoka pwani haukuingia mjini kimya kimya kama kundi la wezi. Ulitangaza kufika kwake kwa milio ya bunduki, na baruti iliyoteketea hewani siku ile haikuhesabiwa kuwa hasara, bali ni kama mavazi mapya ya sikukuu. Mwenye bunduki alikuwa mtu wa kuulizwa shauri, na mtawala aliyeweza kuwakusanya wenye bunduki mia alikuwa na dola. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliujenga utawala wake kwa askari wake wa rugaruga na bunduki zao; na Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyesafiri hata Manyema na kuvuka mbali zaidi, alijulikana kwa jina la Tippu Tip, ambalo wengi husema ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokimbia. Hapa yafaa kusema kweli bila ya kujipendelea: sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitumika kuvamia vijiji visivyo na bunduki, na pembe nyingi zilizoshuka pwani zilishuka mabegani mwa watu waliofungwa minyororo.

Wingi wa silaha uliongezeka katika miaka ya 1880 kwa sababu iliyokuwa mbali na Afrika. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki zao upesi kuliko wakati wowote uliotangulia, na kila jeshi lilipopokea bunduki mpya, zile za zamani zilihitaji mnunuzi. Nazo zikapakiwa melini, zikashushwa Unguja, zikavuka kwenda Bagamoyo na Pangani, zikabadilishwa kwa pembe. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba silaha ziingiazo Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Kilichomtia wasiwasi hakikuwa idadi tu, bali aina: akawaonya wakubwa wake kwamba ikiwa biashara ile haitazuiwa, kazi ya kulitiisha bara hili itabidi ifanywe mbele ya umma wenye bunduki nzuri za viasi. Onyo hilo lastahili kukumbukwa, kwa maana ndani yake mna huruma kwa mtumwa, na mna hesabu ya mtu aazimiaye kuingia nyumba ya mwenziwe na kutaka kujua kwanza kama mwenye nyumba ana silaha.

Kuanzia Desemba 1888 hata Oktoba 1889 manowari za Wadachi na Waingereza ziliufunga mwambao, ili, kama ilivyotangazwa, watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Na ilikuwa wakati ule ule ambapo Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri walikuwa wakipigana na Wadachi. Ndipo mkutano wa Brussels ukaja kuliandika kwa wino jambo lililokuwa limeanzwa kwa mizinga. Hati yake iliweka mpaka: kati ya daraja 20 kaskazini ya mstari wa Istiwai na daraja 22 kusini, kutoka bahari ya magharibi hata Bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani hata umbali wa maili 100 za bahari, silaha za moto hazitaingizwa ila kwa masharti. Zile za viasi, na zenye mtutu uliochongwa mifuo ndani ili risasi iende ikizunguka, ziwekwe katika ghala za serikali, zitiwe alama na kuandikwa, zisitolewe ila kwa askari wa dola, au kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake, au kwa mtu awezaye kutoa dhamana ya kutosha kwamba silaha yake haitapita kwa mwingine. Lakini gumegume yenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango, ziuzwe pale ambapo wenye amri wataona yafaa.

Katika sharti hilo la mwisho ndimo alimozaliwa yule mzee wa boriti na moshi. Sheria haikusema popote kwamba mweupe awe na viasi na mweusi awe na gobori, wala haikuwa na haja ya kusema. Maana ni nani, katika mwaka 1892 hati ile ilipoanza kufuatwa, aliyeweza kutoa dhamana ya kuridhisha mbele ya afisa wa Kidachi au wa Kiingereza? Mzungu alikuja na hati yake mfukoni, na Mnyamwezi akaja na pembe yake begani. Tangu hapo bunduki mbili, zilizokuwa zimefuatana kama kaka na mdogo wake, zikatengana, moja ikaendelea na dunia na nyingine ikasimama pale pale iliposimamishwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba miongoni mwa dola 17 za mkataba ule, pamoja na Urusi na Uturuki na Marekani, limo jina la Sultani wa Zanzibar. Lakini miongoni mwa waliokaa mezani kwa niaba yake alikuwa John Kirk, aliyekuwa balozi wa Kiingereza Unguja kwa miaka mingi, na ambaye katika mkutano ule ule alikuwa mjumbe wa Uingereza pia. Na kabla ya mwaka 1890 kwisha, Sayyid Ali bin Said alikuwa amewekwa chini ya himaya ya Waingereza. Forodha iliyokuwa mlango mkubwa wa silaha ikafungwa kwa ufunguo wa mwenyewe, ulioshikwa na mkono wa mwingine.

Mfanyabiashara hakubishana na sheria, alitazama ramani. Maskati iko kaskazini ya daraja 20, nje ya mstari, na silaha zikafurika huko, zikaelekea Uajemi na nchi za Baluchi na Afghanistan, mpaka Waingereza wakamshurutisha mtawala wa Maskati, Sayyid Faisal bin Turki, mwaka 1912 kufungua ghala ya kuzihifadhi na kuziandika. Makabila ya Omani ya ndani, ambayo kwao mwanamume hatoki bila ya silaha yake, yaliichukia ghala ile, na ikawa moja katika sababu za kumsimamisha Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi na kuondoka katika utii wa Maskati mwaka uliofuata. Na huku bara, Charles Stokes, Mwairishi aliyeanza kazi katika misheni akaishia katika pembe na bunduki, alikamatwa na afisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, akashitakiwa kwamba amewauzia silaha maadui wa dola hiyo, akanyongwa Januari 1895. Kelele zilizopigwa Ulaya kwa ajili ya kifo chake zilikuwa kubwa, na Lothaire akashitakiwa, akaachiliwa. Wanunuzi wa Stokes, ambao nao walikufa kwa wingi katika vita vile, hawakupata wa kuwalilia magazetini.

Lakini hakuna mahali ambapo wenye bunduki walipambana na sheria kwa akili zaidi ya Buganda. Silaha zilifika huko kwa mikono ya wafanyabiashara wa pwani, na Kabaka Mutesa alizipenda kwa mapenzi ya kutisha: mwaka 1862, msafiri Speke alipomzawadia bunduki, alimpa mmoja wa vijana wake wa nyumbani akamwamuru atoke nje akampige mtu ili ijulikane kama kweli inaua, na kijana akaenda, akarudi akicheka kwa furaha. Miaka thelathini baadaye bunduki zilikuwa zimekwisha kuamua nani awe Kabaka na dini ipi ikae Mengo, makao ya Kabaka, na Lugard, afisa wa Kiingereza, kabla ya mapigano ya Januari 1892, aliwagawia Waprotestanti bunduki zipatazo 500, jambo ambalo Wakatoliki hawakulisahau.

Basi Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Kiingereza, alipofika na rasimu ya mapatano mapya, akizungumza na machifu kwa ajili ya Kabaka Daudi Chwa ambaye alikuwa bado mtoto mdogo, suala la bunduki halikuweza kupitishwa kwa tangazo la mlangoni. Mapatano yaliyotiwa sahihi Machi 1900 yalitoza rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na rupia 3 kwa kila mtu mwenye bunduki au bastola au chombo chochote kirushacho risasi kwa baruti, kana kwamba bunduki ni nyumba ya pili. Kisha ikafuata orodha ambayo naiona ni kioo safi cha ufalme ule: Kabaka apewe leseni 50 bila ya malipo kwa watu wa nyumba yake, mama wa mfalme apewe 10, mawaziri watatu, Apolo Kagwa na wenziwe, kila mmoja 20, machifu wa masaza 10 kila mmoja, wajumbe wengine wa baraza la Lukiko tatu tatu, na mwenye shamba lipitalo eka 500 apewe moja. Mtu asomaye anaona mara moja kwamba wakubwa walikuwa wameikubali sheria kwa kujitoa katika makali yake, na kwamba Johnston naye aliridhika, kwa sababu chifu mwenye leseni 10 za bure ana sababu 10 za kuhakikisha kwamba jirani asiye na leseni hana bunduki. Mkulima wa Buganda aliyekuwa amenunua gobori lake kwa jasho alikuta analilipia kila mwaka, na wa kumdai alikuwa mtu wake mwenyewe.

Kwa Wadachi mambo yalikuwa magumu zaidi na mazungumzo machache zaidi. Sheria ya uwindaji ya gavana wao Wissmann ya mwaka 1896, na zile zilizoifuata, zilimtaka mwindaji awe na kibali, na baruti nayo ikawekewa masharti na gharama. Na katika Uzaramo, ambako wanaume walikuwa wakiwinda kwa nyavu na kwa magobori kulinda mashamba, nguruwe mwitu wakazidi. Wako wanazuoni wa siku hizi wanaoihesabu njaa iletwayo na nguruwe kuwa miongoni mwa vyanzo vya ghadhabu iliyolipuka mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji, na mimi naona wana haki, ijapokuwa wapenda mashujaa hawapendi kusikia nguruwe wakitajwa pamoja na mashujaa. Waliokwenda kuishambulia boma ya Mahenge walikuwa na mikuki na magobori na imani kwamba risasi itageuka maji, na walikutana na bombomu, bunduki itapikayo risasi mfululizo. Vita vilipokwisha, anayesalimu amri alitakiwa kuleta silaha yake, na magobori yaliyosalimishwa yakaacha mashamba yaliyobaki bila ya mlinzi, katika nchi iliyokuwa tayari ina njaa.

Serikali zilizokuja baadaye zilibadilisha bendera na kubadilisha kibali, zikaliacha gobori lilipo. Na kila unapotangazwa muda wa kusalimisha silaha bila ya kushitakiwa, ndilo lilelile huonekana limelazwa mezani pa polisi, miongoni mwa yale yaliyotengenezwa na mafundi wa vijijini kwa bomba la maji. Mwenye lile lililobaki nyumbani huchukua kibali chake, akapanda juu ya dungu lake wakati wa mihogo kukomaa, akakesha. Nguruwe huja kumi, naye ana shindilio moja. Akipiga na kukosa, basi hata amalize kupima baruti, na kutia kitambaa, na kushindilia kwa mdeki, na kumimina marisau, na kupapasa gizani alikoiangusha fataki, wageni wake wamekwisha kuvuka mto na mihogo yake matumboni.