Cheti cha Makerere na Daftari la London

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1858 ndiyo iliyounda Baraza Kuu la Waganga, pamoja na daftari la majina yao. Shabaha yake ilikuwa njema: mgonjwa aweze kumpambanua tabibu aliyesoma na laghai mwenye kichupa cha dawa. Lakini sheria hiyo haikukomea pwani za Uingereza. Ilisafiri pamoja na bendera, na katika makoloni ikawa mizani ya kupimia ujuzi wa kila mganga, popote alipojifunzia.

Hastings Kamuzu Banda, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alihitimu udaktari mwaka 1937 katika Chuo cha Meharry, mjini Nashville, Marekani. Shahada hiyo haikutosha kumruhusu kutibu katika nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Akavuka bahari hadi Edinburgh, akaketi tena darasani, na mwaka 1941 akapata vyeti vya pili. Mwili wa binadamu haukuwa umebadilika kati ya Nashville na Edinburgh. Kilichobadilika ni muhuri. Nyumbani hakurudi mpaka 1958, na wakati huo kilichomwita ni siasa.

Banda angalau alibisha hodi kwa watu. Ajabu kubwa zaidi ni ya wale waliosomea Afrika Mashariki, wakahesabiwa wageni humo humo. Makerere ilianza kufundisha uganga mwaka 1924, katika Hospitali ya Mulago. Vijana walisoma miaka mingi, wakafanya mitihani, wakafaulu. Lakini cheti chao hakikuwaingiza katika daftari la London. Kwa hiyo waliporudi makwao waliitwa Waganga Wasaidizi, nao wakatumika chini ya usimamizi wa Mzungu. Jina hilo halikuwa jambo dogo. Ndilo lililoamua mshahara, na nani atoe amri wodini. Mtu aliyekwisha kutibu kwa miaka mingi alikuwa bado msaidizi wa kijana aliyeshuka melini jana.

Vedast Kyaruzi wa Tanganyika alitoka katika kundi hilo. Mwaka 1950 alikuwa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Haukupita muda mrefu Serikali ikamhamishia Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha Nzega. Uhamisho huo ulikuwa wa siasa, si wa cheti. Hata hivyo, si ajabu kuwaona waganga wa Makerere katika safu za mbele za siasa: hawakuhitaji kufundishwa maana ya kunyimwa haki.

Yamkini mtu atasema kwamba mafundisho ya Mulago yalikuwa bado duni. Kwa miaka ya mwanzo, hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwaka 1954 Hugh Trowell, aliyefundisha hapo, alitoa pamoja na wenzake wawili kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor, na waganga wa Ulaya wakakisoma. Elimu iliyopatikana kwa wagonjwa wa Mulago ilipokewa London, huku cheti cha Mulago kikingoja mlangoni.

Kilingoja hadi 1957, Baraza lilipokikubali hatimaye. Mwaka uliofuata Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za saratani ya taya iliyowashika watoto wa Uganda, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake.