CHUO KIKUU NA AFYA YA WANANCHI: MAFUNZO YA KIHISTORIA

Utangulizi

Kila mwaka idara ya afya ya jamii katika chuo kikuu hufanya kazi za aina tatu. Kwanza, hufundisha madarasani masomo ya takwimu, kuenea kwa magonjwa, lishe, afya ya mama na mtoto, usafi wa mazingira na afya ya wafanyakazi kazini. Pili, hupeleka wanafunzi wilayani, wakakague visima na vyoo, wahesabu watoto waliopata chanjo, waulize maswali nyumba kwa nyumba, kisha waandike taarifa. Tatu, hufanya utafiti. Mwisho wa mwaka hesabu hufungwa, na mwaka mwingine huanza.

Watu wengi huziona kazi hizo kuwa ni mambo ya wataalamu tu. Sisi tunasema kwamba ndani yake mna swali la siasa, nalo ni hili: daktari anaandaliwa kwa ajili ya nani? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ratiba ya masomo peke yake. Lazima tuitazame historia, kwa sababu ratiba ya masomo nayo ina historia yake.

Urithi wa ukoloni

Katika Dar es Salaam ya Wajerumani zilijengwa hospitali mbili. Ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, nayo iliwekwa mahali penye upepo wa bahari. Ya pili, iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ilikuwa ya Waafrika na Wahindi. Baadaye Waingereza waliendelea kuugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na moja ya hoja zao ilikuwa afya. Kwa maneno mengine, elimu ya kuzuia magonjwa ilikuwapo tangu zamani, lakini ilitumika kumkinga mtawala dhidi ya mtawaliwa.

Mwananchi wa kawaida alikumbukwa pale alipokuwa nguvukazi. Manamba wa mkonge alipimwa ili ijulikane kama ataweza kazi. Mke na watoto wake waliobaki kijijini hawakuwamo katika hesabu ya mwajiri, kwa hiyo hawakuwamo katika hesabu ya afya.

Ni kweli kwamba hata katika Afrika ya wakati ule walikuwapo madaktari waliofikiri vingine. Mwaka 1940 Sidney Kark na mkewe Emily walianzisha kituo cha afya Pholela, katika jimbo la Natal huko Afrika ya Kusini. Walianza kwa kuzijua kaya zote za eneo lao, chakula chao, maji yao na kazi zao, kabla ya kusema lolote kuhusu dawa. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Makerere kilifungua kituo cha Kasangati, nje ya Kampala, ili wanafunzi wa udaktari wajifunze miongoni mwa wanakijiji. Lakini kule Natal siasa ya makaburu iliibana kazi hiyo mpaka akina Kark wakaihama nchi. Funzo la kwanza ni hilo: afya ya jamii haiwezi kustawi mahali ambapo jamii yenyewe inakandamizwa.

Uhuru na shule ya udaktari

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Vituo vya afya vijijini havikufika 30 kwa nchi nzima. Aliyetaka kusomea udaktari ilimbidi aende Makerere au ng'ambo. Ndipo mwaka 1963 Serikali ilipoanzisha Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu, wakati Chuo hicho kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Julai 1970 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1964 ilitoka taarifa ya tume iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza kuhusu huduma za afya Tanganyika. Ilishauri kwamba nguvu iwekwe katika vituo vya afya na katika kinga kuliko katika majengo makubwa ya hospitali. Ushauri ulikuwa mwema, lakini hospitali huonekana kwa macho na huzinduliwa kwa sherehe. Kinga haionekani. Mtoto ambaye hakuugua surua hahesabiwi na mtu yeyote.

Azimio la Arusha la Februari 1967 ndilo lililoupa ushauri huo nguvu ya kisiasa. Azimio lilisema wazi kwamba nchi yetu ni ya wakulima, na kwamba maendeleo yanayojengwa mjini kwa jasho la mkulima ni unyonyaji. Tukiliweka hilo katika lugha ya afya, maana yake ni kwamba kitanda cha hospitali ya mjini hulipiwa na pamba, kahawa na korosho za mtu ambaye pengine hatakiona kitanda hicho maisha yake yote.

Lazima tukumbuke pia kwamba Azimio lilikuja miezi michache baada ya maandamano ya Oktoba 1966, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu walipinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa. Taifa lilikuwa limeiona hatari ya kulea tabaka la wasomi wanaodai tu. Kitivo cha Tiba kilizaliwa katika hali hiyo, na ndiyo sababu suala la kumpeleka mwanafunzi kijijini lilikuwa na uzito uliozidi ule wa somo.

Miaka ya kwenda kwa wananchi

Baada ya mwaka 1971 Chama kiliagiza kwamba afya, maji na elimu vijijini vitangulie. Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani. Mafunzo ya waganga wasaidizi wa vijijini yakapanuliwa, zahanati zikaongezwa, na ilipofika mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa vimezidi 200.

Tukio kubwa kuliko yote katika kinga lilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vitabu vidogo, wakajadili malaria, kuhara, kichocho, safura na kifua kikuu, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa walimu, wakulima na watumishi wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Kwa wanafunzi wa udaktari kampeni hiyo ilikuwa na funzo zito. Ilidhihirisha kwamba mwananchi akielewa sababu ya ugonjwa huchukua hatua mwenyewe. Ilidhihirisha pia kwamba maarifa ya daktari hayapungui yakigawanywa. Huko China walikuwa wamekwisha kuanza njia hiyo baada ya agizo la Mwenyekiti Mao la Juni 1965, kwa kuwafundisha wakulima kuwa waganga wa vijiji vyao. Septemba 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule, na kutangaza huduma za afya ya msingi, Tanzania haikwenda kama mwanafunzi. Ilikuwa na uzoefu wa kuwaeleza wengine.

Lakini historia haisemi upande mmoja. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya maendeleo kati ya mwaka 1973 na 1976, kaya nyingi zilikusanyika mahali pamoja kwa haraka, na kuna mahali ambapo maji safi yalichelewa kuwafikia. Kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 hakikusoma maazimio. Kilifuata maji machafu. Hapo ndipo umuhimu wa utafiti wa afya ya jamii unapoonekana. Kazi yake ni kumwambia kiongozi, mapema na bila kumwogopa, kwamba kisima hiki hakitoshi watu hawa.

Mgongano kati ya kitanda na kijiji

Mwaka 1976 Kitivo cha Tiba na Hospitali ya Muhimbili viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Muungano huo ulikuwa na manufaa yake, kwa sababu mwalimu na mgonjwa walikuwa mahali pamoja. Lakini uliukuza mgongano ambao mpaka leo haujaisha. Mwanafunzi anayekaa wiki nyingi wodini na wiki chache wilayani hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba udaktari wa kweli uko wodini. Mkoba wa upasuaji una heshima. Daftari la kuhesabia vyoo halina. Ratiba nayo hufundisha siasa.

Ukimwi ulitufundisha gharama ya fikra hiyo. Wagonjwa 3 wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hospitali ziliweza kuwaona waliokwisha kuugua, lakini hazikuweza kujua ugonjwa umeingia kiasi gani kwa watu waliokuwa bado wazima. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili walikwenda Kagera, wakapima watu katika makazi yao. Katika mji wa Bukoba walikuta kiasi cha mtu mzima 1 kati ya 4 ana virusi, ambapo katika baadhi ya sehemu za vijijini hakufika 1 kati ya 100. Kutokana na takwimu hizo ilijulikana ni wapi moto unawaka na ni wapi bado kuna muda wa kuuzuia. Maarifa hayo yasingepatikana kwa kungoja wagonjwa mlangoni.

Katika miaka hiyo hiyo uchumi ulibanwa. Baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, matumizi ya Serikali yalikazwa, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za umma. Utafiti nao ulizidi kutegemea fedha za wahisani. Hatusemi kwamba kila fedha ya nje ni mbaya. Tunasema kwamba anayelipia utafiti huwa na sauti katika kuchagua swali. Kichocho, minyoo na ajali za mashambani huweza kukosa mtafiti kwa sababu havina mfadhili, wala si kwa sababu havina wagonjwa.

Hali ya leo na majukumu

Muhimbili ilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu kamili cha Afya na Sayansi Shirikishi. Vyuo vya udaktari nchini vimeongezeka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Mpango huo ni mrithi wa kazi iliyoanzwa na vikundi vya mwaka 1973, na idara za afya ya jamii zina wajibu mkubwa ndani yake. Kwa maoni yetu, majukumu yanayofuata ni ya lazima.

Kwanza, taarifa irudi kijijini. Mwanakijiji aliyejibu maswali arobaini ana haki ya kuelezwa majibu yalionyesha nini. Taarifa inayobaki katika kabati la chuo, au inayochapishwa kwa lugha asiyoijua aliyeulizwa, ni mazao yaliyovunwa shambani kwa mtu bila malipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe mahali pa kwanza pa kuisoma taarifa hiyo, kwa Kiswahili.

Pili, kazi ya wilayani ipewe uzito sawa na wodi katika muda na katika mtihani. Mwanafunzi asihesabiwe amefuzu kama hawezi kueleza kwa nini watoto wa kitongoji kimoja wanaharisha na wa kitongoji jirani hawaharishi.

Tatu, Taifa lichangie gharama za utafiti wake. Halmashauri na vyuo vipange pamoja maswali ya mwaka, ili swali litokane na shida ya wananchi.

Nne, viongozi wa matawi na vijiji wajifunze kuzisoma takwimu za afya na kuzitaka. Mtaalamu asiyeulizwa huzoea kujiulizia mwenyewe.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba afya ya wananchi haikuletwa na hospitali peke yake, wala haikuletwa na maazimio peke yake. Ilisonga mbele pale mtaalamu, mwananchi na uongozi walipolitazama tatizo moja kwa pamoja, na ilirudi nyuma pale kila mmoja alipokwenda njia yake. Kwa hiyo idara ya afya ya jamii inapofunga hesabu ya mwaka, isihesabu wahitimu na makala peke yake. Ihesabu pia visima vilivyotengenezwa kwa sababu mwanafunzi alikwenda, akaona, akasema, na kijiji kikasikia.