Karatasi ya Kumuulia Pembe-panda

Siku mvumbuzi William Clark alipomuua pembe-panda wake wa kwanza, tarehe 14 Septemba 1804, alikuwa akitafuta volkano. Alikuwa ameambiwa kwamba kando ya mto Missouri, katika nchi ambayo leo ni South Dakota, kuna mlima uliowahi kutema moto, basi akashuka mashuani akaenda kuutafuta kwa miguu. Mlima hakuuona. Alirudi na dume la mnyama asiyemjua, akamwandika daftarini kuwa ni mbuzi. Mwaka uliofuata ngozi na mifupa ya wanyama wa aina hiyo ilisafirishwa kwa Rais Thomas Jefferson, na mwaka 1815 George Ord wa Philadelphia akamwingiza katika orodha ya kitaalamu, ambamo leo anaitwa Antilocapra americana. Kwa wataalamu, hapo ndipo historia yake ilipoanza.

Mnyama mwenyewe si mbuzi, wala si swala wa kweli. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya lori, kwa sababu muda wote ambao nimekuwa nikipita barabara kuu ya I-80 kati ya Cheyenne na Rawlins, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, nimekuwa nikipishana na binamu wa twiga wa Tsavo bila kumsalimu. Ni mnyama wa rangi ya mchanga, mweupe tumboni na matakoni. Pembe ya dume ina panda moja inayoelekea mbele, na ganda lake la nje huanguka kila mwaka likaota jingine. Mbio zake hukaribia kilomita 90 kwa saa, na Amerika Kaskazini ya leo hakuna mnyama wa kumfukuza kwa kasi hiyo. Mwanabiolojia John Byers amesema mbio hizo zilitokana na paka wakubwa, wakiwemo waliofanana na duma, waliotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa hiyo anawakimbia marehemu.

Mimi ni mtu wa Kibwezi, Kenya, Mkamba, dereva wa lori. Nimehamia Wyoming, jimbo lenye watu wasiofika 600,000 katika nchi kubwa kuliko Uganda. Kwetu ukitaja uwindaji, watu kwanza hutazama mlangoni. Kwa hiyo mfugaji mmoja mzee ninayemsombea nyasi za ng'ombe aliponiuliza kwa nini sijawahi kuomba leseni ya pembe-panda, nilidhani ananitania. Leseni gani, kwa dereva wa lori? Akanijibu kwamba hapa ni bahati nasibu: mwalimu, fundi na gavana wote hutia majina kwenye kapu moja, na mwenyeji wa jimbo hulipa dola 22 kwa leseni ya jike. Niliomba, nikapata. Karatasi ilipofika kwa posta niliisoma mbele na nyuma kama hati ya shamba.

Lakini kabla ya karatasi palikuwa na uwindaji mrefu sana. Karibu na mji wa Pinedale, magharibi mwa Wyoming, mito miwili inakaribiana na kuacha njia nyembamba ya nchi kavu. Mahali hapo huitwa Trapper's Point. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barabara ilipokuwa ikipanuliwa, wanaakiolojia walichimba hapo wakakuta mifupa ya pembe-panda waliochinjwa kiasi cha miaka 6,000 iliyopita. Miongoni mwake ilikuwepo mifupa ya vijusi, na ukubwa wa vijusi hivyo ulionyesha kwamba majike waliuawa majira ya kuchipua, walipokuwa njiani kuhama. Pembe-panda wa leo wanapita palepale, majira yaleyale, wakielekea Grand Teton, safari ya zaidi ya kilomita 150. Mwindaji wa wakati ule hakuhitaji kumfukuza mnyama mwenye mbio kama hizo. Alihitaji kujua kalenda yake.

Upande wa magharibi zaidi, kwenye majangwa ya Nevada na Utah, Washoshone na Wapaiute walijenga mazizi. Walipanga magogo, mawe, na kamba zilizosokotwa kwa magome ya vichaka vya jamii ya pakanga, ambavyo ndivyo mimea mikuu ya nchi hiyo, wakatengeneza kuta mbili zinazoanza mbali kwa upana na kukutana kwenye boma. Mganga aliyesifika kwa kuwavuta wanyama hao aliimba usiku, kisha watu wakatembea polepole siku nzima wakiwasogeza. Boma lenyewe halikuhitaji kuwa imara. Pembe-panda amekulia uwandani, na hana desturi ya kuruka juu ya kitu. Ukuta wa kufika kifuani humzuia. Mbinu nyingine ilitegemea udadisi wake. Mwindaji alijificha akapeperusha kitambaa juu ya fimbo, au alilala chali akainua mguu na kuushusha, na mnyama akasogea hatua kwa hatua aone ni nini. Meriwether Lewis, mwenzake Clark, aliandika habari za tabia hiyo.

Reli ilipita Laramie mwaka 1868 na kukamilika kuvuka bara mwaka 1869. Baada ya hapo wawindaji wa biashara waliua kwa kujaza mabehewa, na nyama ikauzwa mijini kwa bei ya chini kabisa. Seng'enge ilifuata. Joseph Glidden alipata hataza ya waya wake mwaka 1874, na mnyama asiyeruka akakuta bara zima limekuwa zizi. Wapo wanaokadiria kwamba kabla ya hapo pembe-panda walikuwa milioni 30 au zaidi. Mimi makadirio ya wakati ambao hakuna aliyehesabu huwa nayapokea kwa shaka kidogo. Hesabu iliyofanywa kwa bidii ni ya Edward Nelson, ya miaka ya 1922 hadi 1924, na yeye alipata kiasi cha 30,000 tu katika Marekani, Kanada na Mexico zikijumlishwa.

Wakati mnyama anakwisha ndipo sheria zilipokuja, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilitia saini mkataba na Washoshone na Wabannock huko Fort Bridger. Mkataba uliwaachia haki ya kuwinda kwenye ardhi ya serikali isiyokaliwa na watu, maadamu kuna wanyama na kuna amani. Wyoming ikawa jimbo mwaka 1890, ikatunga sheria zake za msimu. Mwaka 1895 Mbannock aliyeitwa Race Horse akakamatwa kwa kuua elki saba nje ya msimu, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Wyoming ilipokuwa jimbo, ahadi ile ya mkataba ilikufa. Watu waliokuwa wakijua kalenda ya mnyama kabla ya mtu yeyote kuiandika wakawa wahalifu kwa kutojua kalenda ya jimbo. Uamuzi huo ulidumu hadi mwaka 2019, Mahakama hiyohiyo ilipoukataa, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Clayvin Herrera wa watu wa Crow.

Mtu wa Kibwezi hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Theodore Roosevelt, aliyewinda na kufuga ng'ombe Dakota katika miaka ya 1880 na kushiriki kuanzisha klabu ya Boone and Crockett mwaka 1887, klabu iliyopigania sheria za kuhifadhi wanyama, alishuka Mombasa Aprili 1909. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, kwa leseni, na akashangiliwa. Mkamba aliyetega upinde wake kwenye mto uleule treni ya Roosevelt iliopita alikuwa mwizi wa wanyama wa Serikali. Tsavo ikatangazwa mbuga mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja operesheni kubwa ya kuwakamata wawindaji wa Kiwaata na Kikamba. Mwaka 1977 Kenya ikafunga uwindaji kwa kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo. Upinde wa babu yangu ulikuwa darini, na sisi watoto tulifundishwa kwamba ni fimbo.

Nasema haya bila kuwabeza waliomwokoa pembe-panda, maana kazi yao naiona kila wiki kupitia kioo cha lori. Majimbo yalifunga msimu kwa miaka mingi. Hifadhi zikatengwa: Sheldon huko Nevada mwaka 1931, Hart Mountain huko Oregon mwaka 1936. Sheria ya mwaka 1937 ya Pittman na Robertson ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi, kwa hiyo kila pakiti ya risasi niliyonunua imelipia kitu. Kisha maofisa wakaanza kuwakamata pembe-panda wakiwa hai na kuwahamishia nchi walikokwisha. Walitumia nini? Kuta mbili zinazoanza mbali kwa upana na kukutana kwenye boma. Sijaona maelezo ya kazi hiyo yanayomtaja mganga yeyote wa Kishoshone. Leo bara lina pembe-panda laki kadhaa, na Wyoming inaongoza.

Desturi nayo ilizaliwa humohumo. Huko Lander, mji wa Wyoming, tangu mwaka 1940, hufanyika shindano ambalo kila mwindaji hupewa risasi moja tu. Kwa desturi Washoshone waliibariki ile risasi, na aliyekosa alilazimika kucheza ngoma pamoja na wanawake. Magavana na watu mashuhuri wamecheza. Nilimuuliza yule mfugaji mzee maoni yake, akasema kwamba mwanaume anayeona ngoma ya wanawake kuwa adhabu hajawahi kutazama wanawake wakicheza.

Mimi na mzee tulikwenda kuwinda mwezi wa tisa, kaskazini mwa Medicine Bow, kwenye bonde la Shirley. Ni nchi iliyo wazi kiasi kwamba unaona gari linakuja dakika nyingi kabla hujasikia mlio wake, na pembe-panda naye anakuona hivyo hivyo. Macho yake makubwa yamekaa pembeni mwa kichwa na kumwonyesha karibu duara zima. Sheria inataka uvae rangi inayong'aa, ya machungwa au ya waridi. Kwa akili ya Kikamba huko ni kujipaka taa. Mzee alisema nisijali rangi, nijali mwendo, na asubuhi hiyo tulitambaa kwa viwiko nyuma ya kilima kisichozidi urefu wa kitanda, juu ya mipungate midogo ambayo huioni mpaka ikushike. Kundi la kwanza liliondoka bila haraka, likatuzunguka, likasimama kututazama kutoka nyuma.

Kundi la pili lilikuwa likielekea kwenye ua wa ng'ombe. Mzee alinionyesha mahali ambapo nywele nyeupe zilining'inia kwenye waya wa chini: ndipo wanapopita, kwa magoti, chini yake. Waya huo alikuwa ameubadilisha mwenyewe, akaweka usio na miiba na kuuinua kiasi cha sentimita 40. Si kila mtu alifanya hivyo. Karibu na Rawlins, mahali paitwapo Red Rim, mfugaji mmoja mwaka 1983 alijenga ua wa kilomita 45 ambao pembe-panda hawakuweza kuupita kwenda malisho ya baridi. Wengi walikufa njaa wakiwa wamesimama kando yake. Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya rufaa, na mwaka 1988 ikaamuliwa kwamba ua ule ulivunja sheria ya mwaka 1885.

Tulilala mahali ambapo upepo ulitupiga usoni. Majike yalifika kwenye waya, la kwanza likapita, la pili likapita. Jike moja la makamo lilisimama upande, mbali nasi kiasi cha viwanja viwili vya mpira. Nilifyatua. Lilikimbia hatua chache likaanguka, na manyoya meupe ya matakoni yakasimama yote kama ua la pamba lililopasuka. Mzee hakunipongeza kwanza. Aliniambia nitoe karatasi, nitoboe mwezi na tarehe, nitie sahihi, niifunge kwenye mnyama kabla ya kugusa kisu. Mkono wangu ulitetemeka kwenye sahihi zaidi ya ulivyotetemeka kwenye bunduki.

Halafu haraka. Septemba huko mchana bado una joto, na ngozi ya pembe-panda ina manyoya mazito yenye uwazi ndani yanayohifadhi joto kama blanketi. Watu wanaosema nyama yake inanuka pakanga ni wale wanaomtembeza mnyama mzima juu ya gari mchana kutwa. Tulimtoa matumbo, tukamchuna, tukamkata vipande na kumlaza kwenye barafu ndani ya sanduku la baridi kabla ya saa sita. Mguu wa nyuma mmoja nilimkatia mzee, kama inavyostahili kwa mwenye nchi. Hakutaka kuupokea mpaka nilipomwambia kwamba kwetu kukataa ni kutangaza ugomvi. Ini nililikaanga jioni kwa kitunguu na chumvi tu. Nyama ni laini, nyekundu iliyoiva, haina mafuta, na hainuki chochote.

Lakini si bunduki tu inayowaua. Baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023 iliua maelfu ya pembe-panda upande wa Pinedale. Theluji iliganda juu ikawa kama saruji, na ugonjwa wa mapafu ukaongezea. Idara ya wanyamapori ya jimbo ilipunguza leseni kwa wingi, na wawindaji niliokutana nao kituo cha mafuta hawakunung'unika, jambo ambalo sijalizoea kuhusu watu na serikali. Kwenye barabara ileile ya Trapper's Point tangu mwaka 2012 kuna daraja lililofunikwa udongo na majani, wanyama wapite juu na malori yapite chini. Nimepita chini yake na shehena ya mabomba.

Nilimtumia mama picha kwa simu. Akapiga papo hapo kuuliza, mwanangu, ulikuwa na karatasi? Nikamwambia ninayo, ina sahihi na tarehe. Akataka kujua imegharimu kiasi gani, nikamtajia zile dola 22, akazigeuza kuwa shilingi kwa mdomo. Akasema basi huko mnyama wa porini ni rahisi kuliko mbuzi wa soko la Kibwezi, na kwamba nimletee wawili. Bei ya bunduki sikumtajia.